Kafara ya Farasi: Kujifunza Mbinu za Sataranji kwa Mikhail Tal

Mbinu, katika sataranji ambayo vijana wengi wa leo huiita chesi, ni mfuatano mfupi wa hatua zinazombana mpinzani asiwe na la kuchagua ila jambo moja au mawili, mpaka mwishoni apoteze kete au mfalme wake azingirwe asipate pa kukimbilia. Mkakati huweza kusubiri, kwa kuwa hujengwa kidogo kidogo kwa muda mrefu; mbinu haisubiri, kwani mlango wake hufunguka kwa hatua moja na huenda ukafungwa na hatua inayofuata. Ndiyo maana watu waliotaka kuwa hodari katika mchezo huu wamekuwa, kizazi baada ya kizazi, wakiwaendea mabingwa waliowatangulia na kuirudia michezo yao kete kwa kete, ubao ukiwa mbele yao na kumbukumbu ya hatua ikiwa mkononi. Njia hiyo ya kujifunza inastahili sifa kubwa zaidi kuliko inayopewa, kwa sababu haimwongezei mwanafunzi maarifa tu, bali hubadilisha namna anavyotazama.

Katika vitabu vya sataranji, hatua iliyopita kiwango cha kawaida huwekewa alama mbili za mshangao, na alama hizo, pamoja na kwamba zimewekwa kwa nia njema, zina hatari yake. Humfanya msomaji asimame mahali ambapo utamu umekwisha kuiva, akastaajabia tunda na kuusahau mti. Mwanafunzi anayekariri hatua mia moja za ajabu bila kuuliza kila moja ilitokana na nini hatacheza hata moja kati yake, kwa kuwa hali ile ile ya ubao haitamjia tena maishani. Kinachojirudia ni sababu zake: mfalme aliyechelewa kujificha, kete iliyofungika kwa sababu ikiondoka itamwacha wazi bwana wake, mlinzi aliyepewa kazi mbili na asiyeweza kuzitimiza zote kwa wakati mmoja, au njia iliyozibwa na askari mmoja tu.

Mfano unaofaa kwa anayeanza ni mchezo uliochezwa Paris mwaka 1858, ndani ya jumba la opera wakati onyesho likiendelea, ambapo Paul Morphy, kijana wa New Orleans, alipambana na Duke wa Brunswick na Kabaila Isouard walioshauriana upande wa pili. Mchezo ulikwisha kwa hatua 17. Katika hatua ya 16 Morphy alimpeleka malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote, akaliwe na farasi, na katika hatua iliyofuata ngome yake ikashuka hadi mraba wa d8, yaani safu ya nne kutoka kushoto na mstari wa mwisho wa adui, ikalindwa na askofu aliyeelekea hapo kwa mshazari, na mfalme mweusi akawa hana pa kwenda. Anayeutazama mchezo huo kwa haraka huona malkia aliyetolewa kafara. Anayeutazama kwa utulivu huona kwamba farasi aliyemla malkia ndiye aliyekuwa ameziba njia ya ngome, na kwamba alikula kwa kulazimishwa, kwa kuwa hapakuwa na jibu lingine. Akitulia zaidi atagundua jambo la tatu, ambalo pengine ndilo kubwa zaidi: mpaka mchezo unakwisha, askofu na ngome ya upande wa mfalme mweusi hawakuwa wametoka katika miraba yao ya mwanzo, hali kete zote za Morphy zilikuwa zimeshafanya kazi. Uzuri wa hatua ya 16 ulianza kutengenezwa tangu hatua ya tano au ya sita, pale ambapo hapana alama yoyote ya mshangao.

Sayansi nayo imetoa ushahidi wa kuiunga mkono njia hii. Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Uholanzi, katika utafiti wake uliotoka mwaka 1946, aliwaomba wachezaji wa viwango mbalimbali, wakiwemo baadhi ya wakubwa wa zama zake, wafikiri kwa sauti mbele ya ubao, na akaona kwamba mabingwa hawakuwa wakikokotoa hatua nyingi mno kuliko wenzao, ila waliifikia hatua iliyo bora mapema zaidi. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, huko Marekani, waliwaonyesha watu ubao kwa sekunde 5 tu kisha wakawataka waupange upya: kete zilipokuwa zimetokana na mchezo halisi, bingwa alizirudisha nyingi sana kuliko mwanafunzi, lakini zilipotawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Maana yake ni kwamba bingwa haoni kete 25 zilizo mbalimbali; huona makundi machache yenye uhusiano, na kila kundi humkumbusha jambo linaloweza kufanyika. Mtu hazaliwi na makundi hayo. Huingia akilini kwa kurudiwarudiwa, na hakuna mahali yalipokusanyika kwa wingi na kwa usafi kama katika michezo ya wakuu.

Kati ya wakuu hao, Mikhail Tal ana nafasi ya pekee. Alizaliwa Riga, mji mkuu wa Latvia, mwaka 1936, akasomea fasihi katika chuo kikuu cha nchi hiyo, na mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 23, alimshinda Mikhail Botvinnik huko Moscow kwa pointi 12.5 dhidi ya 8.5 na kuwa bingwa wa dunia mwenye umri mdogo kuliko wote waliokuwa wamemtangulia. Botvinnik alikuwa mhandisi wa umeme, mtu wa utaratibu na maandalizi, aliyelishika taji hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Ni nadra katika historia ya mchezo huu kuona tabia mbili zilizo mbali hivyo zikiketi meza moja, na mwanafunzi wa mbinu hana budi kushukuru kwamba kila hatua yao iliandikwa.

Mchezo wa sita wa shindano hilo ndio unaostahili kukaliwa kwa muda mrefu. Botvinnik alikuwa na kete nyeupe. Baada ya hatua 20 Tal alikuwa na ngome mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine katika safu ya c, malkia aliyeusogelea upande dhaifu wa mweupe, askofu mmoja aliyeutishia mraba wa b1, na farasi pembeni, katika h5, ambaye kwa macho ya kawaida hakuwa na shughuli kubwa. Askofu wake wa pili alikuwa amelala katika g7 nyuma ya askari wake mwenyewe wa e5, na kulala huko ndiko kulikokuwa tatizo. Katika hatua ya 21 Botvinnik aliirudisha ngome yake a1, na Tal akampeleka farasi f4, mraba ambao askari angeweza kumla pale pale. Alitoa farasi mzima akapata askari mmoja. Lakini farasi alipoliwa, askari wa e5 alikwenda f4 kulipiza, na kwa kuondoka kwake mshazari mrefu wa askofu wa g7 ukafunguka hadi kwa farasi wa c3 na askari wa b2. Tena askari huyo huyo, alipofika f4, akawa anamtishia askofu mweupe wa e3, na hatua mbili baadaye akasonga hadi f3 akiwashambulia malkia na askofu kwa pamoja. Kete moja isiyo na kazi ilitoka ubaoni, na nyingine tatu au nne zikaamka kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo maana ya kafara katika sataranji inapoeleweka vizuri. Thamani zinazofundishwa siku ya kwanza, kwamba farasi ni sawa na askari watatu na ngome ni sawa na watano, ni thamani za kete zilizo mahali pazuri, zenye njia na zenye kazi. Na mchezaji wa mbinu ni yule aliyezoea kuuliza kila kete, yake na ya mpinzani, wakati ule inafanya nini hasa. Tal aliuliza swali hilo kwa ujasiri usio wa kawaida. Watazamaji walishindwa kujizuia, kelele zikapanda, mpaka mchezo ukahamishiwa chumba cha nyuma. Na Botvinnik, ambaye saa yake ilikuwa ikienda huku hatari zikimjia kutoka pande ambazo muda mfupi kabla zilikuwa shwari, alikosea na hatimaye akashindwa.

Namna ya kuusoma mchezo kama huo ni kazi ya subira. Alexander Kotov, bingwa mkuu wa Muungano wa Kisovieti, ambaye vitabu vyake vimefundisha wengi, alihimiza kuufikia mchezo wa bingwa mahali ulipochanganyika, kuzifunika hatua zinazofuata, kuorodhesha kwanza hatua zote zinazostahili kufikiriwa, kisha kulifuata kila tawi mpaka mwisho wake bila kurukaruka, na mwisho kulinganisha na kilichoandikwa. Fundi cherehani chipukizi hujifunza mengi kwa kuifumua kanzu iliyoshonwa na mkono bora, akiufuata uzi kutoka mwisho kurudi mwanzo. Na mwanafunzi wa sataranji naye, akishajua jibu, hurudi nyuma hatua moja moja mpaka aone ni wapi nafasi ilizaliwa, na ni nani aliyeizaa bila kujua. Programu za kompyuta za leo hutoa hukumu kwa sekunde chache, na hukumu zao ni za kuaminika kuliko za binadamu yeyote; hata hivyo anayeziuliza kabla hajajiuliza mwenyewe hujinyima ile nusu saa ya kuhangaika, ambamo jicho hufunzwa. Ni heri mchezo mmoja uliokaliwa siku nzima kuliko hamsini iliyotazamwa kwa kupitia.

Liko jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka: kafara ile ya f4 haikuwa sahihi kabisa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba Botvinnik, katika hatua ya 25, badala ya kumla malkia mweusi kwa ngome, angemla askari wa f3 kwa askofu wake, na Tal ndiye angebaki na deni. Wapo wanaoona kwamba kasoro hiyo inaipunguzia hatua ile heshima, na hoja yao si ya kupuuzwa, lakini kwa anayejifunza kasoro hiyo ni hazina. Inamwonyesha kwamba mbinu huchezwa na watu wawili, kwamba kumkabidhi mpinzani mzigo mgumu wa kufikiri wakati saa inakwenda ni sehemu ya ufundi, na kwamba ulinzi nao una hatua zake zinazong'aa. Botvinnik mwenyewe alilielewa hilo. Alirudi kuichambua michezo aliyoshindwa, akajiandaa kuiongoza michezo kwenye hali tulivu ambazo moto wa Tal ungekosa kuni, na mwaka 1961, katika shindano la marudiano ambalo Tal alilicheza akisumbuliwa na figo, akalitwaa tena taji kwa pointi 13 dhidi ya 8. Tal naye aliendelea kujifunza: kati ya mwaka 1973 na 1974, akiwa mtu mzima aliyekwisha kuchanganya moto na subira, alicheza michezo 95 mfululizo bila kushindwa.

Kwa hiyo anayemaliza kuusoma mchezo wa sita kutoka upande wa Tal bado hajaumaliza. Inambidi augeuze ubao, akae upande wa kete nyeupe, aufikie tena ule wakati ambapo askari mweusi amefika f3 na malkia wawili wote wako hatarini, afunike hatua zilizobaki, ajipe muda, na ajaribu kulifuata lile tawi ambalo halikuchezwa: askofu anamla askari, mweusi anaila ngome ya b1, ngome ya pili inalipiza, malkia mweusi anasogea c2 na kuonekana kuokoka pamoja na faida yake yote, na hapo, katika hatua ya 27, askofu mweupe anakwenda e4, hatua ambayo Tal mwenyewe, katika hesabu zake, hakuwa ameiona.