Mzee Mlangoni

Mzee aliyenikaribisha Mji Mkongwe, Unguja, alikuwa amekwisha kunywa kahawa yake nilipomwamkia. Aliitikia marahaba, akaniuliza hali za wazazi wangu, kisha akarudi kuutazama uchochoro. Kamera ilikaa mkobani karibu saa nzima, wala sikuona hasara. Picha ya mzee anayewaza huanzia kwenye kukaa naye, mpaka aache kukukirimu na arudie mawazo yake.

Kiti chake kilikuwa ndani kidogo ya mlango, jua lisipofika. Ng'ambo palikuwa na ukuta wa chokaa, nao ndio uliolipokea jua la asubuhi ukamrudishia usoni likiwa limepoa. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Mchana jua husimama utosini, macho yakazama katika kivuli cha nyusi. Mwanga wa ukuta ule ulimjia ubavuni, ukalamba shavu, ukaonyesha kila kunjo bila kulichonga. Nilimwomba ageuze kiti kidogo, basi. Anayewasha flashi mahali kama pale anakifukuza kile kile alichokifuata.

Kofia yake ya viua ilikuwa nyeupe pe, na uso wake mweusi. Hapo kamera hukosea, kwa sababu kipimo chake hukichukulia kila kitu kuwa kijivu cha wastani. Kikiona uso mweusi kinaongeza mwanga hadi ngozi ipauke. Kikikutana na kanzu na kofia nyeupe, kinaupunguza hadi macho yapotee. Nilipima shavuni, upande wenye nuru, kisha nikaipa picha nusu tu ya mwanga ambao kamera iliutaka. Weusi wa ngozi ni sehemu ya sura ya mtu. Kuupausha ni kumpiga picha mtu mwingine.

Mwaka 1867 Julia Margaret Cameron alimpiga picha mwanasayansi Mwingereza John Herschel, mwenye miaka 75. Herschel huyo ndiye aliyegundua, mwaka 1819, sifa ya kemikali ambayo baadaye ilifanya picha zisifutike. Sahani za kioo za enzi hizo zilikuwa nzito kupokea mwanga, na mzee alilazimika kutulia muda mrefu. Nywele zake nyeupe zinatoka gizani, macho yamelowa. Naamini kule kungoja kumeingia usoni mwake. Seydou Keïta naye, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, aliwapiga wengi uani kwa mwanga wa mchana, na kwa kawaida kila pozi alilipiga mara moja tu. Sisi tunaoweza kupiga kumi kwa sekunde tunapaswa kujifunza kutazama kama yeye.

Honi ya boti ililia bandarini. Mzee akageuza macho upande wa bahari, mkono ukabaki juu ya bakora, na kwa muda nikawa kama sipo. Nilibonyeza mara tatu.

Ijumaa iliyofuata nilimpelekea ile ya pili, imechapwa kwenye karatasi. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kimya, kisha akauliza kama naweza kumtolea nakala nyingine ya binti yake aliyeko Muscat. Niliichapa jioni ile ile.