Shimo la Juu ya Ardhi

Februari mjini Tanga, saa nane mchana, hata kunguru huachama mdomo. Kaskazi inavuma, lakini imebeba unyevu wa bahari nzima, na shati hulowa mgongoni ukiwa umekaa tu. Saa hizo mjomba wangu huacha shughuli zote akaenda bandani kushika masikio ya sungura.

Huyagusa kwa mgongo wa vidole, kama mama anayempima mtoto homa. Sungura hapoi kwa kutoka jasho kama sisi. Joto lake hulitoa kwa masikio, yenye mishipa tele ya damu chini ya ngozi nyembamba, na kwa kuhema. Pwani kuhema huko hakumfikishi mbali, maana hewa iliyokwisha kujaa maji haikaushi kitu. Mtu wa Lushoto, kule milimani kwenye baridi, aweza kufuga miaka kumi asiijue tabu hii. Mnyama huyu hustarehe kwenye nyuzijoto 15 hadi 20 hivi. Zikipita 30 huanza kuteseka, na sisi huku tunazipita karibu kila siku tangu Desemba hadi Machi.

Kwao asili ni Hispania na Ureno, ambako huchimba shimo, akashinda humo mchana na kutoka jua likipoa. Sisi tumemtoa shimoni tukamtundika kwenye kizimba cha wavu. Ndiyo maana naiheshimu sana kazi ya mjomba: anamrudishia sungura shimo lake, tena analijenga hewani.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Banda langu la kwanza nililiezeka bati. Siku moja nikamkuta jike aliyebakiza siku chache azae amelala ubavu, pua imelowa, anatweta. Nikammwagia ndoo ya maji. Alikufa kabla ya alasiri.

"Mjomba," mjomba wangu akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana, "manyoya yakilowa, upepo haufiki ngozini. Na maji ya ghafla yanamshtua. Ungelowesha masikio tu."

Kesho yake tukavua bati. Tulinunua makuti ya viungo, yale ambayo kila jani hukunjwa juu ya kijiti likashonwa. Alianzia kuyafunga upenuni akipanda juu, safu moja ikilalia nyingine, naye akipima nafasi kwa vidole vyake vinne. Paa la namna hiyo hupumua: joto hupanda likapenya, mvua haipenyi. Mgongo wa paa aliulaza kutoka mashariki kwenda magharibi. Jua la asubuhi na la jioni hupiga ncha fupi za banda, na pande ndefu zilizo wazi hupokea kaskazi, na msimu ukigeuka hupokea kusi. Sijaona fundi aliyesomea akipanga jambo zuri kuliko hilo.

Yaliyobaki ni mazoea ya kila siku. Maji hukaa kwenye chombo cha udongo, hubadilishwa adhuhuri. Majani huliwa jioni, kwa sababu tumbo linalosaga chakula nalo huzalisha joto. Mkojo huondolewa alfajiri kabla harufu yake haijawaumiza vifua. Chupa ya maji yaliyogandishwa huviringishwa kwenye gunia, ikawekwa pembeni ili anayeihitaji aifuate mwenyewe.

Na Machi, majike wasiposhika mimba, mjomba hamlaumu yeyote. Anajua kwamba dume aliyepigwa na joto kali mbegu zake hufifia, na huchukua hata miezi miwili kurejea. Husubiri. Nimeona wafugaji wakichinja madume wazuri kwa kukosa subira hiyo, na huniuma kila nikikumbuka.

Jana nilipita bandani adhana ya magharibi ikilia. Jike mweupe alikuwa amejinyoosha, miguu ya nyuma ameiachia kabisa, sikio moja limeegemea gunia la chupa. Nikaligusa kwa mgongo wa vidole. Lilikuwa na ubaridi wa mtungi. Akatikisa pua mara mbili, akaendelea kulala.