Asali Isiyotoka Mzingani: Namna ya Kuipima Absoluti ya Mimosa

Kila mwaka kati ya Januari na Machi, vilima vya Tanneron kusini mwa Ufaransa hugeuka manjano. Mimosa imechanua. Mti wenyewe ni Acacia dealbata, mzaliwa wa kusini mashariki mwa Australia, uliofika Ulaya katika karne ya 19 na kuipenda pwani ya kusini mwa Ufaransa hata ukawa unaota pasipotakiwa. Matawi mengi huishia kwenye mashada ya maua. Waitalia wameyafanya ishara ya Machi 8, Siku ya Wanawake, tangu 1946. Mengine huteremshwa viwandani Grasse, mji wa manukato, na huko hugeuzwa kuwa ute mzito wa rangi ya kaharabu, unaonukia asali, nta na majani makavu. Ute huo huitwa absoluti.

Mtu wa Njombe akiuona mti huo atasema ni mwati, na hatakuwa amekosea sana. Miwati iliyopandwa Njombe na nyanda za juu za Kenya ni Acacia mearnsii, ndugu wa karibu. Tofauti ni kwamba mwati hupandwa kwa ajili ya magome, ambayo tanini yake hutumika kutengeneza ngozi; maua yake huachiwa nyuki.

Mimosa haikamuliki wala haikubali kupikwa kwa mvuke kama karafuu. Maua, pamoja na ncha za vijitawi, huoshwa kwa kiyeyusho, mara nyingi heksani, ambacho kikivukizwa huacha nta yenye harufu. Mafundi huiita konkriti, jina la ajabu kwa nta, na halihusiani na zege la fundi mwashi. Nta hiyo huoshwa kwa alkoholi, hupozwa sana ili mafuta yasiyohitajika yagande, kisha huchujwa. Alkoholi ikiondolewa, kinachobaki ni absoluti. Maua kilo 100 hutoa konkriti isiyofika hata kilo moja, na katika hiyo ni sehemu ndogo tu inayogeuka absoluti. Ndiyo maana bei yake humshtua mgeni, na ndiyo maana wachakachuaji wanaipenda.

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kufungua chupa na kuinusa palepale mdomoni. Absoluti ya mimosa kwenye ubaridi huwa nzito kama samli iliyoganda, na harufu yake imejifungia ndani. Anayejua kazi huiweka chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu hadi ilainike, huikoroga ili nta iliyotuama ichanganyike, halafu hupima gramu 1 kwa gramu 9 za alkoholi safi. Mchanganyiko ukiwa na ukungu kidogo si dosari. Ni nta, na huchujwa. Kinachopaswa kutia shaka ni absoluti inayomiminika kama maji bila kupashwa moto. Huenda imeongezwa kiyeyusho kisicho na harufu ili chupa ijae.

Kisha huchovya ukanda wa karatasi, na kazi halisi huanza.

Utamu ndio unaotangulia, na utamu ndio unaodanganya. Maabara ina asidi ya fenilasetiki, ambayo tone lake dogo hunukia asali kabisa na likizidi hunuka mkojo wa zizini. Ina pia anisaldehidi na heliotropini, zenye unga mtamu wa lozi na vanila. Ukivichanganya hivyo unapata "mimosa" ya kumpendeza mtu yeyote kwa dakika tano. Mwenye pua iliyozoea hutafuta kilicho nyuma ya utamu. Mimosa halisi ina ubichi, kama tango lililokatwa sasa hivi au jani lililovunjwa mkononi, ina vumbi la chavua, ina nta. Anayeijua asali ya Tabora anaelewa jambo hili bila kufundishwa: asali iliyokamuliwa sasa hivi ina sega ndani yake, ina moshi wa mrina, ina ukali fulani kooni. Sukari iliyochemshwa haina hayo.

Wanawake wa Unguja wanaotunga vikuba wanaujua ubichi huo kwa njia yao. Asumini peke yake huchosha. Kikitiwa mrehani, kikuba kinapumua. Ndani ya mimosa, mrehani tayari umo. Ukikosekana, ama maua yaliungua kwenye mtambo, ama kuna mkono wa mtu.

Ukanda huachwa mezani na kunuswa tena baada ya saa moja, saa sita, na asubuhi ya pili. Iliyotengenezwa kwa hila hufifia ghafla, au hubaki na lozi kavu isiyobadilika. Iliyo nzuri husogea taratibu: ubichi unaondoka, asali inatulia, na mwisho hubaki nta tamu yenye majani makavu, ya chinichini lakini ipo. Harufu ya kiyeyusho ikisikika bado baada ya alkoholi kuruka, chupa irudishwe kwa muuzaji. Harufu ya sukari iliyoungua ni dalili ya moto uliozidi.

Jina nalo lisomwe kwa makini. Kasi, inayotoka Acacia farnesiana, mara nyingi huwekwa rafu moja na mimosa, lakini ni kali zaidi, ina viungo na ngozi ndani yake. Farnesoli, kemikali inayofahamika sana katika manukato, ilipata jina kutoka mti huo. Anayetaka kuiona kasi ikiwa mbele ya jukwaa anuse manukato ya Une Fleur de Cassie ya Dominique Ropion, yaliyotolewa na Frédéric Malle mwaka 2000. Kwa upande wa mimosa, Champs-Élysées ya Guerlain ya 1996 inaonyesha namna wazo la ua hilo linavyojengwa na kampuni kubwa, na humo maabara ina mkono mrefu.

Mtengenezaji wa manukato ya asili hana anasa hiyo ya maabara, kwa hiyo kwake kipimo cha mwisho hakiko kwenye ukanda bali kwenye mchanganyiko. Mimosa haina kishindo. Atakayeitia akitarajia isikike kama asumini atamaliza chupa na pesa. Kazi yake ni kuunganisha: machungwa makali ya mwanzoni na sandali ya mwishoni ambavyo havizungumzi, yenyewe huvikalisha mkeka mmoja. Jaribio rahisi ni kutengeneza mchanganyiko uleule mara mbili, mmoja una asilimia 3 ya mimosa, mwingine hauna, na kuiacha yote miwili gizani kwa wiki mbili. Kwa absoluti nzuri, ule wa kwanza hausikiki kuwa na mimosa. Unasikika tu kuwa wa mviringo zaidi, na kama langilangi ilikuwa ikitawala, imeshusha sauti. Jani la urujuani huurefusha ubichi wake. Mizizi ya irisi huuongeza unga. Vanila nyingi huizika, na hilo hutokea mara nyingi kwa wanaoanza, kwa sababu wanadhani asali inahitaji sukari.

Kuna watengenezaji wa manukato ya asili wasioigusa mimosa kabisa kwa sababu ya heksani, hata muuzaji akiwaonyesha cheti kuwa mabaki ni kidogo mno. Msimamo wao unaeleweka, ingawa unawanyima karibu maua yote yasiyovumilia mvuke.

Chupa iliyofaulu huwekwa baridini, gizani, ikiwa imejaa ili hewa isibaki ndani, na lebo yake huandikwa mwaka wa mavuno. Wengine hutenga gramu chache za kila mwaka, na mavuno mapya yakifika huzipasha moto absoluti zote mbili na kuchovya kanda mbili kwa wakati mmoja, ya zamani mkono wa kushoto, mpya mkono wa kulia.