Nani Huzungumza Kwanza Gizani? Maonyesho ya Ufunguzi wa Filamu za Uhalifu na Nafasi ya Kiswahili: Mtazamo kutoka Nakawa, Kampala

Ikisiri

Makala hii inachunguza maonyesho ya ufunguzi katika filamu za uhalifu na taharuki kwa kuuliza swali moja: ni sauti ya nani, na kwa lugha gani, inayomwingiza mtazamaji katika ulimwengu wa hatari? Filamu tatu zinazohusu Afrika Mashariki zimechambuliwa, nazo ni The Last King of Scotland (2006), Who Killed Captain Alex? (2010) na Nairobi Half Life (2012). Uchambuzi unaongozwa na hoja ya Tzvetan Todorov kuhusu visa viwili vya hadithi ya upelelezi, na umewekwa katika mazingira ya Nakawa, mjini Kampala, ambako historia ya Kiswahili ina sura mbili zinazopingana. Makala inadai kwamba kikwazo cha Kiswahili nchini Uganda hakiishii katika kuhusishwa kwake na bunduki. Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba lugha hii haijapewa nafasi ya mwenyeji, yaani nafasi ya sauti ambayo mtazamaji huiamini kabla hajajua amwogope nani.

1.0 Utangulizi

Tarafa ya Nakawa iko upande wa mashariki wa jiji la Kampala. Ndani yake kuna makao makuu ya polisi huko Naguru, gereza kuu la Luzira na kambi ya jeshi ya Mbuya. Huko Bugolobi, katika tarafa hiyohiyo, ndiko yaliko makao ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ambayo tangu mwaka 2013 imekuwa ikiandaa Tamasha la Filamu la Uganda. Kwa hiyo polisi, gereza, jeshi na chombo kinachotuza filamu vinapakana. Mtafiti anayetaka kujua jinsi filamu za uhalifu zinavyoipatia kila lugha kazi yake angepata shida kupata mahali panapofaa zaidi pa kuanzia.

Mijadala kuhusu Kiswahili nchini Uganda imejikita zaidi katika sera na shule, na ina sababu. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu matumizi rasmi ya lugha hiyo. Hata hivyo, mtu huipenda au huiogopa lugha muda mrefu kabla ya kuketi darasani. Sehemu mojawapo anapojifunza mapenzi hayo au hofu hiyo ni kibanda cha video, pale taa zinapozimwa na picha ya kwanza inapoonekana.

2.0 Kazi ya Onyesho la Ufunguzi

Todorov (1966) alieleza kwamba hadithi ya upelelezi hubeba visa viwili. Cha kwanza ni kisa cha uhalifu, ambacho aghalabu kimekwisha kabla ya masimulizi kuanza. Cha pili ni kisa cha uchunguzi. Kwa maelezo hayo, onyesho la ufunguzi ni bawaba inayoviunganisha visa hivyo. Mwongozaji hana budi kuamua kama mtazamaji ataushuhudia uhalifu, ataukuta umekwisha kutendeka, au ataachwa aungoje.

Filamu ya Orson Welles, Touch of Evil (1958), huanza kwa picha moja isiyokatwa inayodumu zaidi ya dakika tatu. Mtazamaji anaona bomu likitegwa ndani ya gari, kisha anaandamana na gari hilo mitaani miongoni mwa watu wasiojua lolote. Hapa taharuki inatokana na mtazamaji kujua zaidi ya wahusika. Katika M (1931) ya Fritz Lang, mauaji hayaonyeshwi. Kinachotangulia ni sauti ya mtoto akiimba wimbo wa kuhesabiana unaomtaja muuaji, huku watoto wenzake wakiwa wamesimama duara uani. Hofu inaingia kupitia lugha ya nyumbani, lugha ya mchezo. Lang anadhihirisha kwamba katika ufunguzi sikio linaweza kuongozwa kabla ya jicho.

Mfano huo wa pili unamrudisha msomaji wa Kiswahili katika fasihi yake. Mtambaji wa ngano haanzi kusimulia mpaka asikie hadhira ikimjibu. Anapoita "Paukwa!", jibu la "Pakawa!" ndilo linalompa idhini ya kuendelea, hata kama ngano yenyewe ina mazimwi. Mtambaji ndiye mwenyeji. Hadhira inamwamini kwanza, ndipo inapokubali kutishwa naye. Riwaya ya upelelezi ilifuata njia tofauti lakini ikauhifadhi uaminifu huo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, maiti hupatikana penye mzimu na Bwana Msa huitafuta siri yake. Mpelelezi, mshukiwa na jirani wote ni wasemaji wa Kiswahili, na kwa sababu hiyo lugha haimtambulishi mhalifu. Msomaji analazimika kuyatazama matendo.

3.0 Sura Mbili za Kiswahili Nakawa

Nchini Uganda hali haikuwa hivyo. Gavana Gowers alipopendekeza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi, Kabaka Daudi Chwa alilipinga wazo hilo hadharani mwaka 1929. Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya askari wa King's African Rifles. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo likatoka katika serikali ambayo wananchi wengi waliiogopa. Majeshi ya Tanzania yaliyosaidia kuung'oa utawala huo mwaka 1979 yalizungumza Kiswahili vilevile, na jeshi la leo bado linakitumia. Kwa Waganda wengi, basi, Kiswahili kilisikika kwanza kikiwa amri: simama, toa kitambulisho, lala chini.

Hata hivyo, Nakawa ina kumbukumbu nyingine. Kabla ya uhuru, serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za wafanyakazi Nakawa na Naguru. David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu eneo hilo la Kampala Mashariki, alichunguza maisha ya majirani wa makabila mengi, wakiwemo Wajaluo na Waluhya waliotoka Kenya. Utafiti wa Carol Myers Scotton uliochapishwa mwaka 1972 ulichunguza jinsi wakazi wa Kampala walivyochagua lugha ya kuwasiliana na watu wa makabila mengine, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha walizozitegemea. Hicho kilikuwa Kiswahili cha kuazimana chumvi, kugawana zamu ya bomba na kupatana bei. Wafanyakazi wengi Wakenya waliondoshwa nchini mwaka 1970, na nyumba zenyewe zilibomolewa mwaka 2011. Makao ya polisi, gereza na kambi vingali vimesimama. Kwa maneno mengine, majengo yaliyobaki Nakawa yanakumbusha sura moja tu ya Kiswahili, na ile nyingine imepoteza kuta zake.

4.0 Uchambuzi wa Filamu

4.1 The Last King of Scotland

Filamu hii iliyoongozwa na Kevin Macdonald inaanzia Scotland. Nicholas Garrigan, kijana aliyehitimu udaktari, anaruka majini pamoja na wenzake. Baadaye, akiwa chumbani, anafumba macho, anazungusha tufe la dunia na kuweka kidole. Kidole kinaangukia Kanada. Hapendi, anazungusha tena, na safari hii kinaangukia Uganda.

Ufunguzi huu ni mwepesi, na hapo ndipo ilipo nguvu yake ya taharuki, kwa kuwa mtazamaji anayejua historia anaiona hatari ambayo Garrigan haioni. Lakini ufunguzi huohuo umekwisha kuamua nani ni mwenyeji. Sauti ya kuaminiwa ni ya mgeni, na lugha yake ni Kiingereza. Forest Whitaker, aliyetuzwa Oscar mwaka 2007 kwa kumwigiza Amin, alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, na bidii yake inastahili heshima. Pamoja na hayo, muundo wa filamu umekipa Kiswahili nafasi ya rangi ya mahali na ya mamlaka. Kinaingia pamoja na mtu wa kuogopwa, baada ya mtazamaji kuwa ameshikana mkono na mtu mwingine.

4.2 Who Killed Captain Alex?

Filamu ya Nabwana I.G.G. ilitengenezwa Wakaliga, upande wa pili wa Kampala, kwa fedha kidogo mno. Kepteni Alex anatumwa kulisambaratisha genge la Tiger Mafia, anauawa, na ndugu yake anaanza kumtafuta muuaji. Jina la filamu limekwisha kukitoboa kisa cha kwanza cha Todorov. Kabla ya picha yoyote, mtazamaji anajua kwamba kepteni atakufa, hivyo anachongoja ni wakati na mkono utakaomuua. Filamu inamalizika bila kulijibu swali hilo. Wakosoaji wanaweza kuiona hiyo kuwa kasoro ya msuko. Ikiangaliwa kwa mujibu wa ufunguzi wake, inaonyesha kwamba swali lilikuwa mwaliko zaidi ya kuwa fumbo.

Mwaliko huo una msemaji. Filamu iliyopakiwa mtandaoni mwaka 2015 ina sauti ya VJ Emmie, mmoja wa wafasiri wa papo kwa papo ambao katika vibanda vya Kampala hufasiri, hueleza, hutania na kuwachochea watazamaji. Nakala ya awali isiyo na sauti yake haipo tena, kwa kuwa mwongozaji alilazimika kuifuta ili kupata nafasi ya kuhifadhi kazi nyingine. Matokeo yake ni kwamba filamu hii haina ufunguzi usio na mwenyeji. VJ anampokea mtazamaji mlangoni na kumhakikishia kwamba risasi zitakazolia ni za kufurahisha.

Lugha ya kawaida ya ma-VJ wa Kampala ni Kiganda. Katika nakala ya mtandaoni, VJ Emmie anazungumza Kiingereza, kwa sababu hadhira ni ya dunia. Jambo hili ni muhimu kwa hoja ya makala hii. Linathibitisha kwamba lugha ya mwenyeji huchaguliwa kwa kuangalia nani anakaribishwa. Jijini Dar es Salaam, Lufufu alijipatia umaarufu kwa kazi ya namna hiyohiyo kwa Kiswahili, na watazamaji wake walikisikia Kiswahili kikiwachekesha huku watu wakiuana kwenye skrini. Sanaa ni ileile. Tofauti ni lugha iliyopewa kiti cha mwenyeji.

4.3 Nairobi Half Life

Filamu ya David Tosh Gitonga inaanzia kijijini. Mwas, kijana anayeuza filamu za mapigano, anawaigizia wateja mikasa ya filamu hizo ili wanunue. Anatoa sauti, anarusha mikono, anakuwa shujaa na adui kwa zamu. Kwa hakika anafanya kazi ya VJ bila skrini. Baadaye atakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, ataibiwa kila kitu mara tu afikapo, na atajikuta ndani ya genge la wezi.

Ufunguzi huu unamfanya mhalifu wa kesho kuwa mtambaji wa leo. Mtazamaji amekwisha kucheka naye, kwa hiyo hawezi kumhukumu kwa haraka anapoiba. Kiswahili na Sheng, pamoja na Kikuyu, vimeenea kwa wahusika wote: mwizi, polisi, mwigizaji na mpenzi. Wezi wa filamu hii wanazungumza Kiswahili mchana kutwa, na lugha haichafuki, maana hakuna upande uliokabidhiwa lugha hiyo peke yake.

5.0 Mjadala

Inawezekana kupinga hoja hii kwa kusema kwamba filamu huakisi hali halisi, na kwamba askari wa Uganda kweli huzungumza Kiswahili. Pingamizi hilo ni la haki, lakini halitoshi. Onyesho la ufunguzi lina dakika chache za kumtambulisha mtu, mahali na hatari, na kwa sababu ya haraka hiyo hukimbilia ishara ambazo mtazamaji tayari anazo. Amri fupi ya Kiswahili kutoka kwa mtu mwenye bunduki inaokoa muda. Ndiyo maana unyanyapaa wa lugha hupata njia rahisi zaidi katika ufunguzi kuliko katikati ya filamu, ambako mhusika ana nafasi ya kuonyesha mengine. Hali halisi ya Nakawa ina dereva wa lori aliyetoka Mombasa, mchuuzi wa sokoni na mjukuu wa mfanyakazi wa nyumba zilizobomolewa. Filamu inayomchagua askari peke yake imeakisi sehemu ya ukweli.

Tiba, hata hivyo, haipatikani kwa kukisafisha Kiswahili kwa kuwakataza wezi na askari wa filamu wasikiseme. Mwas ameonyesha kwamba hilo si lazima. Kinachohitajika ni Kiswahili kutawanywa kwa wahusika wa pande zote, na kupewa sauti inayotangulia. VJ mmoja wa Kampala anayeweza kuwachekesha watazamaji kwa Kiswahili, walau kwa kukichanganya na Kiganda, angekitendea lugha hii jambo ambalo tangazo la mwaka 1973 halingeweza kulitenda, kwa kuwa amri humlazimisha mtu asikilize, ilhali mtambaji husubiri ajibiwe.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba onyesho la ufunguzi wa filamu ya uhalifu hugawa hofu na imani kwa wakati mmoja, na kwamba lugha ni chombo kimojawapo cha mgawanyo huo. Filamu tatu zilizochambuliwa zimetoa wenyeji watatu: mgeni wa Kiingereza, VJ, na mchuuzi mtambaji. Katika mfano wa tatu pekee ndipo Kiswahili kimo miongoni mwa lugha za pande zote, za wa kuaminiwa na za wa kuogopwa. Inapendekezwa kwamba wadau wa Kiswahili nchini Uganda washirikiane na waongozaji na ma-VJ kama wanavyoshirikiana na walimu, na kwamba tuzo za filamu zinazotolewa na taasisi iliyoko Bugolobi zitazame pia matumizi ya lugha katika dakika za mwanzo. Majirani wa nyumba za Nakawa na Naguru walikwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kukaribishana. Jukumu lililobaki ni kuirudisha sauti hiyo masikioni mwa watazamaji wa leo.