Jina la Babu katika Faharasa ya Mshairi

Michenzani ni mahali pa michenza. Mpita njia wa leo huona hapo majumba marefu ya maghorofa yenye namba, lakini mtaa bado unajibu kwa jina la miti, kama wanavyojibu Mkunazini na Miembeni. Unguja mahali huitwa kwa mti. Mtu huitwa kwa baba yake, kisha kwa babu.

Japani mtu hubeba mahali. Tanaka ni katikati ya konde za mpunga, na Yamamoto ni chini ya mlima. Raia wa kawaida waliruhusiwa kutumia rasmi majina ya ukoo mwaka 1870, na amri ya 1875 ikamlazimisha kila mmoja awe nalo. Jina hilo hupokezanwa lilivyo, kizazi hadi kizazi.

Jina la tatu la Mzanzibari halina tabia hiyo. Haji Gora Haji, mshairi wa Tumbatu (1933–2021), kwa ada ya kwetu husomwa Haji wa Gora wa Haji. Jina limetoka kwa babu, likapita kwa baba, likarejea kwa mjukuu mfano wa kina. Mwana wa mshairi huandikwa fulani Haji Gora, na yule Haji wa kwanza amekwisha kutoka. Huo ni mnyororo wa nasaba unaosogea, wala si ukoo.

Uhakiki wetu umelisahau jambo hili. Kwa kufuata kanuni za marejeo zilizotungwa kwa majina ya Ulaya, tasnifu baada ya tasnifu huandika "Mohamed anasema". Mohamed yupi? Yuko Said Ahmed Mohamed wa *Sikate Tamaa* (1980), na yuko Mohamed Suleiman Mohamed wa *Kiu* (1972). Katika faharasa hukaa bega kwa bega kama watu wa nyumba moja, na anayepewa kauli ni babu wa watu, si mtunzi. Shaaban Robert amenusurika kidogo, maana sikio lenyewe hukataa: ajuaye kwamba huyu ni Shaaban bin Robert, akisoma "Robert anasema", husikia baba akitajwa.

Kwa Siti binti Saad kosa ni zito zaidi. Utotoni aliitwa Mtumwa. Siti ni jina la heshima lililokuja na uimbaji wake. Kumpanga chini ya "Saad" ni kumnyang'anya jina alilolipata kwa sauti yake na kumkabidhi baba.

Wajapani wenyewe, pamoja na sheria yao ya ukoo, hawamwiti mshairi wao mkuu wa karne ya 17 Matsuo. Humwita Bashō, yaani mgomba, lakabu iliyotokana na mgomba uliopandwa penye kibanda chake. Na huku pwani, Muyaka bin Haji anayo nisba ya al-Ghassaniy, tena imo katika anwani ya diwani aliyoitoa William Hichens mwaka 1940. Hata hivyo M. H. Abdulaziz alipochapisha utafiti wake mwaka 1979 alianza anwani kwa *Muyaka*, na hakuna msomaji aliyepotea.

Faharasa za Kiswahili na zipangwe hivyo: Muyaka kwenye M, Said Ahmed Mohamed na Siti binti Saad kwenye S. Haji Gora Haji hatasumbuliwa. Kwake H ni ile ile, mbele na nyuma.