Mtoto wa Kasigau Azaliwe Mwaka Gani?

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwahamisha kwa nguvu watu wa mlima Kasigau, Taita, hadi Malindi, wakiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani waliokuwa wakivuka mpaka kuja kulipua reli ya Mombasa. Wengi walifia huko pwani kwa malaria na maradhi mengine. Waliosalia hawakurudi mlimani kwao hadi miaka ya 1930. Kisa hiki kinastahili riwaya ya watoto, na kigingi chake cha kwanza ni umri.

Msomaji wa miaka kumi na mmoja hufuata mhusika wa rika lake. Msichana anayetolewa kijiji cha Rukanga, Kasigau, akiwa na miaka kumi anarudi mtu mzima, pengine na watoto wake. Mwandishi akimfuata safari nzima, msomaji atamwacha njiani.

Beverley Naidoo, katika Burn My Heart (2007), riwaya ya Kenya ya miaka ya hali ya hatari, wakati wa Mau Mau, aliubana muda na kuyaangalia mambo kwa macho ya wavulana wawili: Mathew, mtoto wa mlowezi, na Mugo, kijana Mkikuyu anayefanya kazi kwao. Kila mmoja anaona upande wake, na msomaji ndiye anayeunganisha. Kwa Kasigau ningegawa kwa vizazi: kwanza msichana anayeondoka, kisha mwanawe aliyezaliwa ugenini, anayepelekwa kwenye mlima aliousikia kwa mama tu.

Uamuzi huo ndio unaoelekeza utafiti. Nyaraka za serikali ziliandikwa na waliohamisha, kwa hiyo zinaeleza sababu zao. Mtoto wa riwaya anahitaji mengine: mbuzi waliachiwa nani, nani alimbeba bibi, usiku wa Malindi ulikuwaje kwa mtu wa mlimani. Hayo huulizwa kwa wazee wa vijiji vya Kasigau kama Bungule, Jora na Makwasinyi, kila kijiji peke yake. Simulizi mbili zikipingana, zisipatanishwe. Moja apewe nyanya, nyingine mjomba, wabishane mbele ya mtoto.

Ile tuhuma ya usaliti ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mwandishi hutamani kuitolea hukumu, na huishia kumpa mtoto wa 1915 ujuzi wa mwanahistoria. Msichana huyu asikie minong'ono tu, aone watu wazima wakinyamaza anapokaribia.

Mwishoni ziwekwe kurasa mbili: ramani ya Kasigau, Voi na Malindi, na maelezo ya kipi kilitokea na kipi kimetungwa. Mwalimu wa gredi ya sita atazihitaji kuliko jalada la kupendeza.