"Chotara" na Samaki wa Ziwa Victoria

Neno "chotara" limekwisha kupata makazi katika lugha ya kilimo, wala hatuna nia ya kulitoa humo. Swali ni kama lafaa pia katika elimu ya mabadiliko ya viumbe.

Mkulima wa Bariadi alisikiapo hufikiri mahindi: mbegu iliyotengenezwa na mtaalamu, izaayo vyema msimu wa kwanza, lakini isiyofaa kuwekewa akiba ya kupanda tena. Maana hiyo yatosha shambani. Mwalimu atakayeichukua kueleza asili ya furu, samaki wadogo wa Ghuba ya Speke ambayo Mkoa wa Simiyu unaigusa huko Lamadi, atawapotosha wanafunzi wake.

Ziwa Victoria lilikauka, kisha likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Katika muda huo mfupi zilitokea aina zipatazo 500 za furu. Mwaka 2017 Joana Meier na wenzake walionyesha chanzo kimoja: koo mbili za samaki, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, zilizaana yapata miaka 150,000 iliyopita. Jenomu, yaani jumla ya chembe za urithi, ikapata akiba ya tofauti zilizoweza kupangwa upya kwa namna nyingi. Miongoni mwake ni chembe za kuona rangi, ambazo ziliwafaa wengine katika maji maangavu na wengine katika vilindi vyenye mwanga mwekundu. Hapo hapakuwa na mtaalamu, wala uzao haukufifia.

Kwa hiyo "uchotarishaji" haufai, maana kiambishi cha usababishi chadai mtendaji. Twapendekeza "uchanganyikaji wa nasaba", kwa kuwa jambo huweza kuchanganyika lenyewe. "Chotara" na abaki kuwa mzao wa kwanza wa wazazi wa aina mbili. Ukoo wenye asili ya mchanganyiko wa kale uitwe "mahuluti".

Wako watakaosema huu ni ubishi wa maneno tu. Sivyo. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba maji ya ziwa yakitibuka, majike hushindwa kupambanua rangi za madume, na aina zilizokwisha kutengana huungana tena. Basi uchanganyikaji uliozijenga aina hizo waweza pia kuzifuta. Mtumishi wa serikali aandikaye waraka wa hifadhi ya ziwa, akiwa na neno moja tu lenye harufu ya duka la mbegu, ataelezaje lipi kati ya hayo mawili analolikusudia?